Harufu ni Mlinzi, Tusimzibe Mdomo

Mtu apitaye katika mitaa ya Bwiza alfajiri, wakati mafundi wanapofungua kazi zao, hukutana na harufu kabla hajakutana na watu. Milango ya makontena inapovutwa, hutoka pumzi nzito ya petroli, tineri, rangi, gundi, mipira ya magurudumu na matambara yaliyolowa oili. Fundi hupunga mkono mbele ya pua yake, hucheka, kisha huingia ndani. Pengine kabla hajaingia hutoka kijana mwenye mkeka kwapani, macho yamemwiva na kichwa kinamgonga, kwa kuwa ndiye aliyelala humo usiku kucha akilinda mali ya bwana wake. Wote wawili wameizoea hali hiyo hata hawaioni tena kuwa ni jambo la kusemwa.

Sisi tunaona kuwa ni jambo la kusemwa, tena mapema. Wahenga walitufundisha kwamba mdharau mwiba mguu huota tende, na mwiba huu umo katika nyua nyingi za Bwiza na za jirani zake wa Buyenzi, ambako gereji, wachomeleaji vyuma, wapaka rangi na mafundi wa pikipiki wanafanya kazi bega kwa bega na nyumba za watu. Katika nyua hizo kontena la chuma, au trela lililofunikwa pande zote, limekuwa ghala, duka, karakana na chumba cha kulala kwa wakati mmoja. Vitu ambavyo kila kimoja kingestahili mahali pake vimekusanywa chini ya paa moja la bati, mlango ukafungwa kwa kufuli, na jua la Bujumbura likaachiwa kazi ya kuvipasha moto.

Hali hii imeongezwa uzito na uhaba wa mafuta. Tangu mwaka 2021 nchi yetu imepitia vipindi virefu ambavyo petroli na mazutu vimeadimika kwa sababu ya upungufu wa fedha za kigeni. Mwenye gari au pikipiki aliyekwisha kukesha kwenye foleni huona ni busara kuweka akiba, na akiba hiyo huwekwa katika dumu, na dumu hilo huwekwa pale penye kufuli. Hatuandiki maneno haya ili kumlaumu mtu aliyetafuta riziki yake katika wakati mgumu. Tunaandika kwa sababu dumu lililofichwa halikomi kuwa dumu la petroli, nalo hutangaza habari zake kwa njia moja tu iliyo wazi kwetu sote, yaani harufu.

Basi tutazame tunavyoipokea habari hiyo. Wengi wetu harufu ikizidi huitafutia harufu nyingine. Mmoja hunyunyiza marashi ya gari, mwingine huning'iniza kikaratasi chenye manukato, mwingine huweka karafuu na maganda ya limau katika bakuli. Wapo hata wanaofukiza udi na ubani, mila njema ya kupokea wageni sebuleni, lakini wakaifanya ndani ya sanduku la chuma lenye petroli, wakichukua kaa la moto kwa mikono yao wenyewe na kulipeleka mahali ambapo adui angependa lifike. Baada ya hayo husema kuwa harufu imekwisha, kumbe petroli iko pale pale na mvuke wake uko pale pale, ila sasa umevaa vazi la mgeni.

Katika kambi yoyote ya askari duniani, mlinzi anayepiga kelele usiku hazibwi mdomo kwa sababu amewaamsha waliolala. Huulizwa ameona nini. Harufu ya petroli ni mlinzi wa namna hiyo. Pua ya binadamu huweza kuitambua petroli hewani hata ikiwa kidogo sana, chini mno ya kiasi kinachoweza kushika moto. Huyo ni mlinzi anayemwona adui akiwa bado mbali, akatupa nafasi ya kufungua mlango, kutafuta penye kuvuja na kutoa watu. Anayemfunika kwa marashi amemfunga mlinzi wake kitambaa mdomoni, kisha akaenda kulala.

Walimwengu wengine walijifunza thamani ya mlinzi huyu kwa msiba. Tarehe 18 Machi 1937, katika mji mdogo wa New London, jimbo la Texas nchini Marekani, shule ililipuka wanafunzi wakiwa ndani. Gesi ya ardhini iliyotumika kupashia jengo joto ilikuwa imevuja na kujikusanya chini ya sakafu. Gesi ile kwa asili yake haikuwa na harufu, na hakuna aliyejua kuwa ipo mpaka cheche ya umeme ilipoiwasha. Watu karibu 300 walipoteza maisha, wengi wao wakiwa watoto. Baada ya msiba huo ilitungwa sheria ya kuitia gesi harufu mbaya kwa makusudi, ili ikivuja ijulikane. Ile harufu kali inayotushtua leo mtungi wa gesi ya kupikia unapovuja ilitiwa na binadamu ili kuokoa binadamu. Wenzetu wanagharimia kuweka harufu, nasi tunanunua marashi ili tuiondoe, hali chanzo chake tumekiacha mahali pake.

Ili tuelewe kwa nini kontena lililofungwa ni hatari kuliko uwanja ulio wazi, hatuna budi kuijua tabia ya petroli yenyewe. Kinachowaka si maji yake, bali mvuke wake ukichanganyika na hewa. Petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata penye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, baridi ambayo Mrundi hajapata kuiona nchini mwake. Mazutu ni mpole zaidi, kwa kuwa huhitaji joto la nyuzi zipatazo 55 au zaidi ndipo mvuke wake uwe tayari kushika moto. Hata hivyo chuma kilichofungwa na kuanikwa juani mchana kutwa huweza kupita nyuzi 50 kwa ndani, na kwa hiyo hata mpole huyu tunamsogeza karibu na ukali.

Tabia ya pili ni kwamba mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, mara tatu hadi nne. Haupandi darini kama moshi. Hushuka, hutambaa sakafuni, hujaza mashimo, hupita chini ya mlango na kumfuata mwenye jiko aliye mbali. Mtu aliyesimama wima anaweza kudhani hewa ni nzuri, huku miguu yake ikiwa imezama katika hewa ya kulipuka.

Tabia ya tatu yahusu kiasi, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Lita 1 ya petroli ikigeuka mvuke hutoa lita zipatazo 200 za mvuke, nao ukifikia sehemu 1.4 hivi katika kila sehemu 100 za hewa huwa tayari kuwaka. Tufanye hesabu kwa kikombe kimoja tu, yaani robo lita, kilichomwagika na kukauka ndani ya kontena la futi 20. Kitatoa lita zipatazo 50 za mvuke, kiasi kinachoweza kuiharibu hewa ya mita tatu na nusu za ujazo. Hewa hiyo ikitandazwa juu ya sakafu yote ya kontena hufikia kimo cha nusu ya muundi wa mtu mzima. Ni kimo kidogo machoni pa fundi anayetembea. Lakini ndicho kimo cha mkeka na mto, ndicho kimo cha pua ya yule kijana aliyelala, na ndicho kimo cha jiko la makaa, ile mbabula yake aliyochemshia chai.

Labda msomaji atauliza kwa nini kijana huyo haamki na kukimbia, ikiwa harufu ni mlinzi hodari kiasi hicho. Jibu ni kwamba mlinzi huyu ana udhaifu mmoja, nao ni kuchoka. Mwandishi wa maoni haya alipokuwa bado mwanafunzi wa uofisa, aliwekwa pamoja na wenzake ndani ya lori lililofunikwa turubai, lenye madumu ya petroli yasiyofungwa vizuri. Dakika za kwanza kila mmoja alilalamika. Baada ya robo saa tulikuwa tukizungumza na kucheka, na mmoja wetu akasema kwamba harufu imeondoka. Mkufunzi wetu alitushusha, akatutembeza kwenye hewa safi kwa muda mfupi, kisha akaturudisha. Harufu ilikuwa pale pale, kali kama mwanzo, na baadhi yetu tulitapika. Hatukupewa hotuba siku hiyo, wala haikuhitajika. Pua ikikaa na harufu moja huacha kuitolea taarifa, na mtu husema hali imetulia hali pua yake ndiyo iliyolala. Kwa hiyo asiulizwe aliye ndani kama kuna harufu. Aulizwe anayetoka nje.

Mbali na moto kuna madhara ya mwili, ambayo huja polepole na kwa hiyo hayapigiwi kelele. Mvuke wa petroli na wa tineri huingia katika damu kwa njia ya mapafu na kwenda moja kwa moja kwenye ubongo. Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi usiopumzisha ni dalili zake za kwanza. Katika petroli mna benzini, ambayo wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wameiweka katika kundi la vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu, hasa saratani ya damu. Mama mjamzito anayeuza chakula mlangoni pa karakana, na mtoto wake anayecheza chini, penye mvuke mzito, wanavuta hewa ile ile anayovuta fundi, ila wao hawakuichagua kazi hiyo.

Tena wapo maadui wasiotangazwa na mlinzi huyu hata kidogo. Moshi wa makaa una hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, nayo huua watu waliolala katika vyumba vilivyozibwa. Rangi za magari zinazochanganywa na kigumishi kabla ya kupulizwa zina kemikali ziletazo pumu, ambazo huweza kumdhuru mpulizaji kabla pua yake haijazihisi. Betri ya gari inapochajiwa hutoa hewa nyepesi isiyonusika, ambayo hupanda juu na kulipuka kwa cheche moja ya waya. Basi harufu ikiwapo tuiheshimu, na isipokuwapo tusidhani kwamba hapana hatari.

Wapo watakaosema kwamba tunatia chumvi, kwa kuwa mafundi wamefanya kazi hivi miaka mingi na Bwiza ingali imesimama. Tunawaomba watazame ng'ambo ya Mto Rusizi. Tarehe 2 Julai 2010, katika mji wa Sange, kwenye barabara itokayo Uvira kwenda Bukavu, lori la mafuta lilipinduka jioni. Mafuta yalimwagika, watu wakakusanyika, na moto ukalipuka. Waliokufa walipita 200. Miongoni mwao walikuwamo waliokuja kuchota, lakini walikuwamo pia waliokuwa wameketi katika vibanda wakitazama mpira wa Kombe la Dunia, wasio na dumu mkononi wala haja na petroli ya mtu. Miaka tisa baadaye, tarehe 10 Agosti 2019, msiba wa namna hiyo uliwapata ndugu zetu wa Morogoro, Tanzania, ambako watu wapatao 100 walipoteza maisha. Nasi wenyewe tuliona, tarehe 27 Januari 2013, jinsi soko kuu la Bujumbura, si mbali na Bwiza, lilivyoteketea kwa muda mfupi, na jasho la wafanyabiashara wengi likageuka majivu. Hatusemi kwamba misiba hiyo ilikuwa na chanzo kimoja. Tunasema kwamba penye msongamano, moto haumuulizi mtu kama kosa ni lake.

Sasa tuje kwenye yanayowezekana, kwa sababu onyo lisilo na njia ni kelele tu. Wapo watu ambao kazi yao ni kusafiri na petroli, magurudumu, rangi na vyuma ndani ya matrela yaliyofungwa, nao ni mafundi wa magari ya mashindano. Katika Mashindano ya Safari nchini Kenya, yaliyoanza mwaka 1953 na kurejea katika ubingwa wa dunia mwaka 2021 huko Naivasha, mahali pa kutilia mafuta hutengwa na mahali pa kutengenezea gari. Injini huzimwa, watazamaji hawaruhusiwi, na hakuna kazi nyingine inayofanywa pale isipokuwa kutia mafuta. Watu hao wanashindana na dakika, nao tunawaona wakikubali kupoteza dakika ili petroli isikutane na cheche. Sisi tusioshindana na saa ya mtu yeyote tutakosaje nafasi ya kufanya vivyo hivyo?

Jambo la kwanza, basi, ni kutenga. Petroli na tineri visilale ndani ya kontena penye vyombo, betri, mashine ya kuchomelea au mtu. Jambo la pili ni kukitafuta chanzo kabla ya kuishughulikia harufu. Chanzo mara nyingi ni kitu kidogo: kizibo kilichopoteza mpira wake, pikipiki inayodondosha tone baada ya tone, kopo la tineri lililofunikwa kwa gazeti, chupa ya maji iliyotiwa petroli na kuanza kulainika, au mbao za sakafu zilizokunywa mafuta kwa miaka. Dumu liwe la kazi hiyo, lifungwe sawasawa, na lisijazwe mpaka mdomoni, kwa kuwa petroli huvimba kwa joto na hudai nafasi. Wakati wa kulijaza liwekwe chini, wala lisijazwe likiwa juu ya gari, maana umeme ujikusanyao katika plastiki hupata njia ya kushuka ardhini.

Jambo la tatu ni matambara. Tambara lililolowa mafuta ya kupakia mbao au rangi ya mafuta, likikunjwa na kutupwa pembeni pamoja na mengine, huweza kujipasha moto lenyewe hadi likawaka bila kuguswa na kiberiti. Litandazwe nje likauke, au litiwe katika pipa la chuma lenye maji na kifuniko. Petroli iliyomwagika ifunikwe kwa mchanga mkavu, na mchanga huo utolewe nje, mbali na moto. Isisukumwe kwa maji hadi mtaroni, kwa kuwa mitaro yetu huishia ziwani, na Ziwa Tanganyika ndilo linalotupa maji ya kunywa.

Jambo la nne ni hewa. Kontena lisilo na tundu ni chungu kilichofunikwa. Litobolewe likiwa tupu, limesafishwa na kupigwa upepo, na kazi hiyo ifanywe na fundi anayejua, kwa sababu moto wa kukatia chuma katika sanduku lenye mvuke ndio msiba wenyewe tunaoukwepa. Matundu yawe chini upande mmoja na juu upande wa pili, yafunikwe wavu wa chuma usiopitisha mkono wa mwizi wala panya. Yale ya chini yatautoa mvuke mzito wa petroli, na yale ya juu yatatoa joto na hewa nyepesi ya betri. Asubuhi milango yote ifunguliwe kwa robo saa kabla ya mtu kuingia, na katika muda huo isiwashwe taa, simu isichomekwe kwenye chaja, wala feni ya kawaida isiwekwe ndani kusukuma mvuke, kwa kuwa mota yake nayo hutoa cheche. Baada ya hayo yote, anayetaka kuweka makaa makavu ndani ya kikapu ili yavute mabaki ya harufu, na aweke. Makaa hayo hunusurisha kidogo, lakini hayawezi kuchukua nafasi ya upepo.

Hata hivyo tunajua swali ambalo mwenye karakana analo moyoni, nalo ni swali la haki. Atasema kwamba petroli yake akiiweka nje itaibwa usiku huo huo, na kwamba kijana hulala ndani kwa sababu hiyo. Petroli imekuwa ghali kuliko mkeka wa kijana, na hapo ndipo kosa letu lilipojificha. Tumemweka binadamu alinde dumu, mahali ambapo dumu lenyewe ndilo linalomwinda binadamu. Lakini jibu la mwizi si chumba kisicho na hewa. Bwiza ina wachomeleaji stadi wanaotengeneza milango na madirisha ya nusu ya jiji. Wachomeleaji hao wanaweza kutengeneza kizimba cha nondo na wavu, chenye paa la kivuli na kufuli imara, kikasimikwa kwenye saruji pembeni mwa ua, mbali na vyumba, jikoni na umeme. Mwizi atazuiwa na nondo na upepo utapita. Wenye karakana watatu au wanne wa ua mmoja wakichanga fedha, watapata kizimba kimoja cha pamoja na mlinzi mmoja mwenye kibanda chake nje, penye hewa, kwa gharama nafuu kuliko kila mmoja kumfungia kijana wake ndani. Ndoo za mchanga na kizimamoto cha unga viwekwe karibu, na kila mtu wa ua afundishwe kwamba moto wa petroli haumwagiwi maji, kwa kuwa maji huubeba na kuutawanya.

Wajibu katika jambo hili una ngazi zake. Mwenye karakana ndiye wa kwanza, kwa kuwa ndiye mwenye ufunguo. Asimlaze mtu yeyote ndani ya sanduku lenye petroli, awe ndugu, mwanafunzi wa kazi au mgeni aliyeomba hifadhi, na asijitetee kwamba kijana mwenyewe alikubali. Kijana asiye na pa kulala hukubali mengi. Mzazi aliyempeleka mwanawe kujifunza ufundi ana haki ya kuuliza mwanawe analala wapi, na aulize. Wakuu wa mitaa na manyumbakumi, ambao huzijua nyua zao kuliko mtu mwingine yeyote, wapite na kuuliza kwa upole kabla hawajauliza kwa ukali, kwa maana mtu akiogopa kunyang'anywa dumu lake atalificha ndani zaidi, chini ya kitanda, penye hatari kubwa kuliko ya awali. Wazimamoto waalikwe kufundisha wakati wa amani, wasingoje kuitwa wakati wa vilio. Nao wanaosimamia ugawaji wa mafuta wajue kwamba kila siku ambayo pampu inatoa mafuta bila foleni, madumu mengi hutoka nyumbani mwa watu bila amri ya mtu. Mwananchi mwenye hakika ya kesho halali na akiba ya moto ubavuni mwake.

Tunatambua kwamba mafundi wa Bwiza ni watu wa kazi. Mikono yao ndiyo inayozifanya pikipiki ziendelee kutembea wakati vipuri ni haba, nayo ndiyo inayowalisha watoto wengi wa mtaa huo. Kwa sababu hiyo hasa hatutaki kuwapoteza kwa kitu kinachozuilika kwa tundu la ukutani, kizibo kizuri na kizimba cha nondo. Fundi anayejua kuisikiliza injini na kusema ni wapi inapougua hashindwi kuisikiliza harufu ya karakana yake na kuuliza inatoka wapi.

Basi kesho alfajiri, mlango wa kontena utakapovutwa na pumzi ile nzito ikatoka, fundi asipunge mkono na kucheka. Asimame nje, angoje upepo upite, kisha atafute chanzo na kukitoa. Na usiku utakapoingia, kabla hajafunga kufuli, atazame kama kuna mkeka ndani. Ukiwamo, autoe nje pamoja na mwenye mkeka.